Silaha nyumbani: Risasi "haitoki yenyewe"

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati za amani za vijiji na mitaa, viongozi wa dini, vyama vya akina mama, walimu, na familia za askari na polisi. Linaweza kufundishwa katika vipindi viwili vya saa moja na nusu. Maswali ya kujadiliana na zoezi viko mwishoni.

KWA NINI SOMO HILI KATIKA JARIDA LA AMANI?

Ndugu wasomaji, tunapozungumza juu ya silaha ndogo ndogo huku mashariki mwa Kongo, mawazo yetu huenda haraka kwenye mapigano, uporaji na uvamizi wa usiku. Lakini kuna risasi nyingine ambazo hazitoki vitani. Zinatoka mchana, nyumbani, bunduki ikiwa juu ya magoti ya mwenyewe na kitambaa cha kusafishia kikiwa mkononi. Anayepigwa si adui. Ni mke, ni mtoto, ni jirani aliye upande wa pili wa ukuta wa mbao, au ni yule yule mwenye bunduki.

Kwetu silaha hukaa karibu sana na jamaa. Kwa miaka mingi askari wa nchi hii wameishi kambini pamoja na wake na watoto wao. Kambi kama Katindo mjini Goma na Saio mjini Bukavu zilijulikana kwa wingi wa familia zilizokaa humo. Askari na polisi wengine wamepanga chumba mtaani, katikati ya raia. Vijijini kuna wawindaji wenye bunduki za kienyeji, na kuna vijana wa makundi ya kujilinda ambao jioni wanarudi kulala kwao na silaha zao. Tena, wakati wa mapigano ya Goma na Bukavu mwezi wa Januari na Februari 2025, silaha nyingi ziliachwa ovyo, na nyingine zikaokotwa na vijana na hata watoto.

Sisi hatumshauri mtu yeyote aweke bunduki nyumbani. Tunafanya kazi tukitumaini siku ambapo hazitakuwamo. Lakini kabla ya siku hiyo kufika, leo usiku kuna mtoto atakayelala chumba kimoja na silaha. Somo hili ni kwa ajili yake.

Kuna sababu ya pili. Mahali ambapo watu wamekwisha kuumizana, mlio mmoja wa bunduki unatosha kuamsha hofu ya zamani. Watu wanakimbilia porini na vitu vichwani kabla ya kujua nini kimetokea. Kama aliyepigwa ni wa kabila moja na mwenye bunduki ni wa kabila lingine, kufika jioni ajali inakuwa imegeuka "shambulio" katika midomo ya watu. Kwa hiyo kuzuia ajali ya bunduki ni kazi ya amani, sawa na kusuluhisha ugomvi wa shamba.

NENO LINALOTUPOTEZA

Baada ya ajali, neno la kwanza tunalosikia ni: "Risasi ilitoka yenyewe." Wengine wanasema ni shetani, wengine ni bahati mbaya, na wengine wanaanza kumtafuta mchawi. Tuliangalie neno hili vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya ajali irudi tena mwaka unaofuata.

Bunduki ni chuma. Haina akili wala hasira. Ili mtu auawe na bunduki inayosafishwa, lazima mambo matatu yakutane:

1. Kuna risasi ndani ya chemba. Chemba ni ile nafasi iliyo mwanzo wa mtutu, ambamo risasi moja hukaa tayari kutoka.
2. Kuna kitu kilichoifanya igongwe kwa nyuma. Mara nyingi ni kidole kwenye kifyatulio. Bunduki iliyochakaa au ya kienyeji inaweza pia kufyatuka ikianguka chini.
3. Mdomo wa bunduki umeelekea kwa mtu.

Ukiondoa jambo moja tu kati ya haya matatu, hakuna maiti. Bila risasi ndani ya chemba, kidole hakina nguvu. Mdomo ukielekea udongo, hata risasi ikitoka itaingia ardhini. Basi kila ajali ina mahali ambapo ingeweza kuzuiwa, mara nyingi mahali zaidi ya pamoja. Mwalimu, usiache kundi lipite hapa kabla watu hawajaelewa, maana yote yanayofuata yanasimama juu ya mambo haya matatu.

JINSI BUNDUKI INAVYOMDANGANYA MTU

Karibu kila anayeua mtu kwa ajali wakati wa kusafisha anasema kwa kweli: "Nilijua iko tupu." Hasemi uongo. Alidanganyika. Tutumie mfano wa AK-47, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi kwetu.

Kosa la kwanza: kutoa magazini na kuamini kwamba kazi imekwisha. Magazini ni kile kisanduku kilichopinda kinachochomekwa chini ya bunduki, na kwa kawaida hubeba risasi 30. Kama bunduki ilikuwa imekokiwa, risasi moja imekwisha kuhama kutoka magazini na kuingia chemba. Ukitoa magazini unatoa zile zingine, lakini ile moja inabaki. Ndiyo inayoua.

Kosa la pili: kugeuza utaratibu. Mtu anakoki kwanza, risasi inaruka nje, anaiona chini na kufurahi. Halafu anatoa magazini. Hakukumbuka kwamba wakati ule ule risasi moja ilipotoka, magazini ilisukuma nyingine ndani ya chemba. Alifanya vitendo viwili vilivyo sawa, lakini kwa mpango mbaya, na bunduki imebaki imejaa. Magazini lazima itoke KWANZA.

Kosa la tatu: kuamini umbo la nje. Kuna bunduki ambazo baada ya risasi ya mwisho zinabaki wazi, mtu akaona kwamba hakuna kitu. AK haifanyi hivyo. Inajifunga ikiwa na risasi, na inajifunga ikiwa haina. Kwa nje ni ile ile. Hakuna njia nyingine ya kujua ila kuifungua na kuangalia ndani ya chemba.

Kosa la nne: kusahau kile chuma cha usalama. Kwenye AK ni kile chuma kirefu kilicho ubavuni upande wa kulia. Kikiwa juu, kifyatulio kimezuiwa, lakini pia huwezi kuvuta mkono wa kukokea mpaka mwisho. Kwa hiyo, ili kuikagua bunduki lazima ukishushe, na tangu hapo hakuna kinachozuia isipokuwa kidole chako kukaa mbali. Tena, nafasi ya kwanza chini ya usalama ni ile ya kutoa risasi mfululizo, siyo moja moja. Anayeshusha nusu, huku magazini ikiwa bado ndani na kidole kikiwa mahali pabaya, anaweza kumwaga risasi kadhaa kabla hajashtuka.

Kosa la tano: kufyatua "ili kuhakikisha". Wengine wanaelekeza bunduki popote na kufyatua ili wasikie kama inalia tupu. Hiyo si kukagua. Ni kubahatisha na maisha ya watu. Kwa bastola hatari hii ni kubwa zaidi, maana kuna aina ambazo haziwezi kufunguliwa bila kwanza kubonyeza kifyatulio. Mwenye bastola ya namna hiyo anatakiwa kuangalia chemba mara mbili kabla ya kufika hatua hiyo. Ajue pia kwamba bastola nyingi zinafyatuka hata magazini ikiwa nje.

Kosa la sita: kuamini neno la mwenzako. "Nimeiangalia sasa hivi, iko tupu." Huenda ni kweli. Lakini bunduki inapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, anayeipokea anaikagua upya, hata kama anayempa ni mkubwa wake wa kazi. Si dharau, ni utaratibu.

Ongezeni juu ya hayo pombe, uchovu wa zamu ya usiku, simu inayolia, mtoto anayelia, na mazungumzo na marafiki. Mambo hayo hayajazi bunduki, lakini yanamfanya mtu aruke hatua moja bila kujua.

MFANO WA KUFUNDISHIA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Usomeni kwa sauti, mtu mmoja akisoma maneno ya baba na mwingine ya mama.

Baba Furaha ni polisi. Amerudi asubuhi kutoka zamu, mvua imemnyeshea, na bunduki ina matope. Anakaa mlangoni kwenye mwanga, anatoa magazini na kuiweka kando. Mama Furaha anapika ndani. Watoto wawili wanacheza uani.

"Baba Furaha," mama anasema, "pole na kazi. Naona unataka kusafisha. Ngoja kwanza niwatume watoto kwa bibi yao."

"Wewe mama, unaogopa nini? Magazini hii hapa. Iko tupu."

"Najua magazini iko nje. Naomba tu ufungue uangalie na kule ndani. Na usielekeze kwenye nyumba ya Mama Neema, ukuta wao ni mbao."

Baba Furaha anakasirika kidogo, maana ameifanya kazi hii miaka kumi. Lakini anageuza mdomo wa bunduki kuelekea rundo la udongo, anashusha kile chuma na kuvuta mkono wa kukokea. Risasi moja inaruka na kuanguka karibu na mguu wake.

Wanatazamana. Hakuna anayesema kitu. Halafu baba anasema: "Waite watoto, uwapeleke kwa bibi."

Simamisheni usomaji hapa na kuuliza kundi: Kama mama angenyamaza, nani angepigwa? Na jioni ile watu wangesema risasi "imetoka yenyewe"?

KANUNI NNE ZA KUKARIRI

1. Kila bunduki imejaa mpaka uangalie mwenyewe ndani ya chemba.
2. Mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mtu wala kwa nyumba, hata kama iko tupu.
3. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio.
4. Risasi na bunduki havikai mahali pamoja wakati wa kusafisha.

HATUA ZA KUSAFISHA BILA KUMWAGA DAMU

Kama kambini au kituoni kuna mahali palipopangwa kwa kazi hii, safisha huko. Usilete kazi hiyo nyumbani. Kama hakuna, fuata hatua hizi:

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali. Iwe mchana, nje ya nyumba, mbali na njia ya watu. Usisafishe ukiwa umekunywa, umechoka sana au una hasira. Zima simu.

Hatua ya 2: Watu waondoke. Si kwamba watoto "wakae upande ule". Waondoke kabisa. Kumbuka kwamba risasi ya AK inapita kwenye ukuta wa mbao, wa mabati au wa udongo kana kwamba ni kitambaa, na inaweza kuua mtu aliye mbali zaidi ya kilomita moja.

Hatua ya 3: Tayarisha mahali pa kuelekezea. Rundo kubwa la udongo laini au mifuko kadhaa iliyojaa mchanga inafaa. Saruji na mawe havifai. Goma na maeneo ya karibu na volkano, ardhi imejaa mawe magumu. Risasi ikigonga jiwe inaruka na kwenda usikokujua.

Hatua ya 4: Mdomo wa bunduki ukielekea pale, kidole nje, TOA MAGAZINI.

Hatua ya 5: Shusha kile chuma cha usalama, vuta mkono wa kukokea mpaka mwisho na uushike hapo hapo. Usiuachie bado.

Hatua ya 6: Angalia ndani ya chemba kwa macho. Halafu ingiza kidole kidogo uguse. Angalia mara ya pili. Kama risasi imeruka nje, itafute mpaka uione, maana mtoto akiiokota ataipiga kwa jiwe.

Hatua ya 7: Peleka magazini na risasi zote mbali, hatua kumi au zaidi, au mpe mtu mzima mmoja azishike mpaka mwisho. Zihesabu.

Hatua ya 8: Sasa fungua bunduki: kifuniko cha juu, springi, kisha kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma. AK haihitaji kufyatuliwa ili ifunguliwe. Chuma hicho kikishatoka nje, bunduki haiwezi kufyatua. Huo ndio wakati wa kusafisha kwa utulivu. Anayepitisha ufito kwenye mtutu kabla ya hapo anaweka mkono wake mbele ya kifo.

Hatua ya 9: Ukitumia petroli au mafuta ya taa, kaa mbali na mbabula na sigara. Vitambaa vyenye petroli visiachwe jikoni.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga, kagua chemba upya kama mwanzo. Wengi wamefundishwa kufyatua mara moja ili kuachilia nyundo. Ifanyike tu baada ya kukagua, mdomo ukielekea udongo, magazini ikiwa bado mbali. Pandisha chuma cha usalama.

Hatua ya 11: Nyumbani magazini isirudishwe ndani ya bunduki. Bunduki ifungiwe mahali pamoja, risasi mahali pengine, na funguo zikae kwa mwenyewe. Chini ya godoro si mahali pa kufungia. Juu ya kabati pia si mahali, maana mtoto anajua kupanda kiti.

BUNDUKI ZA KIENYEJI ZA KUWINDIA

Bunduki zinazojazwa baruti kwa mdomo zina hatari yake. Mwindaji anaporudi bila kupiga kitu, mara nyingi anaondoa tu fataki na kuitundika bunduki ukutani. Baruti na vyuma vimebaki ndani. Baada ya wiki mbili mtoto wake au mdogo wake anaichukua akifikiri ni tupu.

Kuna njia rahisi ya kujua. Kwanza ondoa fataki. Kisha, ukisimama pembeni na siyo mbele ya mdomo, ingiza ufito taratibu mpaka usimame. Tia alama kwenye ufito pale mdomo wa mtutu unapoishia. Utoe na uupime kwa nje ya mtutu. Kama haufiki mpaka nyuma kabisa, kuna kitu ndani. Bunduki hiyo usiisafishe, usiichokonoe wala usiipashe moto. Mwite fundi anayeijua, na watu wakae mbali. Kama uliiwasha na haikulia, usiigeuze kuiangalia. Iache ikielekea pasipo na watu kwa dakika kadhaa, maana baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kuwaka.

Mabomu na grunedi hayamo katika somo hili la kusafisha, kwa sababu moja: hayasafishwi na hayaguswi. Yakionekana, tia alama mbali nayo, waondoe watu, na mpashe habari chifu.

KAZI YA FAMILIA

Katika mikutano na wake wa askari na polisi, swali hili linarudi: "Mimi nitamwambiaje mume wangu? Atasema namfundisha kazi yake." Ni swali la haki. Akina mama wenyewe wametoa mashauri mazuri:

- Muongee siku ambayo bunduki haiko mkononi, wakati wa utulivu, siyo wakati wa kusafisha.
- Usimwambie hajui. Mwambie unaogopa kwa ajili ya watoto. Baba wengi wanalisikia hilo.
- Wekeni pamoja desturi moja ya nyumba: "Bunduki ikitoka, watoto wanatoka." Ikiwa ni desturi, haihitaji kuombwa kila mara.
- Kama anakunywa na silaha iko nyumbani, tafuta msaada kwa mkubwa wake wa kazi, mchungaji, shehe, au mzee anayemheshimu. Kufanya hivyo si kumsaliti.

Watoto wafundishwe maneno manne, kwa wimbo au mchezo: SIMAMA, USIGUSE, ONDOKA, MWAMBIE MKUBWA. Lakini tusidanganyike. Mtoto anaweza kuyakariri maneno hayo na bado akaigusa bunduki, kwa sababu ameona baba anavyoheshimiwa anapoibeba. Kufuli ni kazi ya mtu mzima. Mafundisho ya mtoto hayachukui nafasi ya kufuli.

KAMA RISASI IMEKWISHA KUTOKA

Kwanza, bunduki iwekwe chini, mdomo ukielekea pasipo na watu, na mtu mmoja mzima ailinde. Isifichwe.

Pili, mwenye kujeruhiwa. Tafuta matundu yote, maana risasi inaweza kuingia huku na kutoka kule. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila dakika. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka bila kukoma, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti, na andika saa uliyofunga. Usichimbe risasi. Usimpe chakula wala maji. Mfunike asipate baridi, mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja.

Tatu, habari. Ndani ya dakika chache tuma watu wawili wanaoaminika, ikiwezekana wa jamii zote mbili, kwa mkubwa wa nyumba kumi, kwa chifu na kwa majirani. Waseme maneno mafupi: imetokea ajali, ni nyumba fulani, hakuna shambulio, mgonjwa anapelekwa hospitali. Habari ya kweli ikichelewa, uvumi unachukua nafasi yake.

BAADA YA AJALI: UKWELI NA UPATANISHO

Hapa tunarudi kwenye lile neno, "ilitoka yenyewe." Mwenye bunduki analisema kwa sababu anaona aibu na anaogopa kulipiziwa. Lakini tuwaze jinsi linavyosikika kwa mama aliyefiwa. Analisikia hivi: hakuna aliyekosa, mtoto wako alikufa bure. Neno hilo linafunga mlango wa msamaha, kwa sababu mtu hawezi kusamehe kosa ambalo hakuna anayelikubali. Na wengi hawaliamini. Wanasema: kama hataki kueleza, basi alikusudia.

Neno lingine ni gumu zaidi, lakini linafungua mlango: "Sikuangalia chemba. Nilielekeza bunduki kwenye nyumba yenu. Sikukusudia kumuua mtoto wenu, lakini ni mimi niliyekosa." Hapo familia inajua nini kilitokea. Inaweza kulia, inaweza kukasirika, lakini haibaki ikijiuliza. Na majirani wanajifunza hatua gani iliachwa.

Kamati ya amani inaweza kusaidia hivi:

- Mwenye bunduki asiende peke yake kwa wafiwa siku ya kwanza. Wazee watangulie kuuliza kama wako tayari kumpokea.
- Wenzake wa kazi wasiende kwenye matanga na silaha. Hata kama nia ni kutoa pole, bunduki penye kilio inasema jambo lingine.
- Mchango wa mazishi na matibabu utolewe wazi mbele ya mashahidi, isionekane kwamba ni bei ya kunyamazisha watu.
- Mapatano ya wazee hayafuti kazi ya sheria. Waambieni watu hivyo tangu mwanzo, wasije wakaona wamedanganywa.

Sheria yenyewe haikubali neno "ilitoka yenyewe." Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kitabu cha pili, kifungu cha 52, inasema ana hatia yule aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia. Kifungu cha 53 kinaweka kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka miwili pamoja na faini, ikiwa mtu amekufa. Askari na polisi hufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa upande wa raia, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi iliweka kwamba hakuna raia anayeweza kuwa na silaha ya moto bila kibali. Nayo Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Kongo ilitia sahihi, inataka raia wakatazwe kabisa kuwa na bunduki za aina ya AK. Kwa hiyo, kwa raia aliye na AK nyumbani, usalama wa kweli si kuisafisha vizuri. Ni kutafuta njia salama ya kuiondoa. Asiibebe barabarani peke yake kwenda kuitoa, maana anaweza kupigwa akidhaniwa ni mshambuliaji. Aongee kwanza, bila silaha, na mtu anayeaminika wa kamati ya amani, wa kanisa au wa msikiti, ili mapokezi yapangwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa au kijiji chetu, silaha zinakaa karibu na watoto katika mazingira gani? (Msitaje majina ya watu wala nyumba.)
2. Je, tumewahi kusikia "risasi ilitoka yenyewe"? Kati ya yale mambo matatu, ni lipi lingeweza kuzuiwa?
3. Kwa nini kutoa magazini hakutoshi? Kila mmoja amweleze jirani yake kwa maneno yake mwenyewe.
4. Mama wa nyumba anaweza kusema nini, na kwa njia gani, ili asikike?
5. Ajali ikitokea leo usiku, ni watu gani wawili tungewatuma kupeleka habari? Je, jamii zote zinawaamini?
6. Ni desturi gani zetu za kuomba msamaha zinazosaidia? Ni zipi zinazoficha ukweli?

ZOEZI

Chukueni fimbo, tia alama tatu: magazini, chemba, kifyatulio. Watu wawili wawili waoneshe hatua ya 1 mpaka ya 6, na wengine wapige makofi kila hatua inaporukwa. Mwalimu, kamwe usitumie bunduki ya kweli kwa zoezi hili, hata kama askari aliyehudhuria anakuhakikishia kwamba iko tupu. Kama amelielewa somo, hatakubali kuitoa.